Bei ya Haki ya Saa ya Mtumba: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua au Kuuza Mchikichini na Kariakoo



Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wamekuwa wakituuliza kwa namna mbalimbali suala moja: vijana wanavuka kwenda Dar es Salaam na kurudi na saa za mkononi za majina makubwa zilizokwisha kutumika. Wengine hupewa na familia saa ya mzee aliyefariki wakaiuze huko. Tutajuaje kwamba bei ni ya haki? Na mtu akigundua baadaye kuwa amepigwa, sharia inampa nini?

JIBU KWA UFUPI

Sharia haikuweka kiwango cha mwisho cha faida. Imeharamisha udanganyifu na kuficha aibu. Katika madhehebu ya Shafi‘i, ambayo wengi wa watu wa visiwani wanayafuata, mtu mzima mwenye akili aliyenunua kwa ajili ya nafsi yake kwa bei kubwa kupita kiasi, bila ya kudanganywa, hana haki ya kuivunja biashara kwa sababu ya bei peke yake. Alikuwa na nafasi ya kuuliza, akaiacha.

Lakini aliyetumwa na mwingine, au anayesimamia mali ya yatima, hana ruhusa ya kununua wala kuuza kwa hasara isiyovumilika. Kwake yeye, kuijua bei ni wajibu. Kwa hiyo utafiti wa bei hufanywa kabla ya kutamka "nimenunua".

BEI YA HAKI NI IPI?

Mafaqihi wana neno lao: thamani ya mfano. Maana yake ni bei ambayo wajuzi wa bidhaa ile wangeilipa kwa kitu kinachofanana nacho, kikiwa katika hali ileile, katika soko lile, wakati ule. Mambo manne hayo yashikwe yote: kinachofanana, hali, soko na wakati. Nyingi ya hasara tunazozisikia hutokana na kuacha moja kati ya hayo.

Faida kubwa peke yake si dhuluma. Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kuwa Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) alimpa Urwah al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo. Urwah akanunua kondoo wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari. Mtume akamuombea baraka katika biashara yake. Kondoo aliyepatikana kwa nusu dinari aliuzwa kwa dinari nzima, na halikukatazwa.

Na imepokewa kwa Hakim bin Hizam (Radhiya Allahu ‘anhu) kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana, wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka ya biashara yao hufutwa. Huo ndio mpaka wenyewe: ukweli na kubainisha.

Je, hasara ya kupindukia ni ipi? Wanavyuoni wamekhitalifiana. Baadhi ya Wamaliki walitaja theluthi. Majalla, kanuni za kiraia za dola ya Uthmaniya zilizojengwa juu ya fiqhi ya Kihanafi, ziliweka sehemu moja ya ishirini katika bidhaa za kawaida, moja ya kumi katika wanyama na moja ya tano katika ardhi na majumba. Mashafi‘i waliliachia ada za watu, na wakapiga mfano: kitu cha kumi kuuzwa kwa tisa kinavumilika, kuuzwa kwa nane hakivumiliki.

SOKO LENYEWE LILIVYO

Soko la Mchikichini, ambalo wengi hulijua kwa jina la Karume, lipo Ilala, jirani na Kariakoo. Ni soko la mitumba: nguo, viatu, mikoba, mikanda. Saa hupatikana katikati ya vitu hivyo, mara nyingi moja moja. Muuzaji hujua bei ya kiatu kwa kukiangalia tu, lakini saa huenda ikawa hajui ni ya mwaka gani wala mashine yake ni ipi. Hapo hasara inaweza kwenda upande wowote: kwako au kwake.

Kariakoo ni kitu kingine. Kuna maduka, kuna saa mpya, za kopi na zilizotumika, na kuna winga, yaani kijana anayekupokea mtaani na kukupeleka dukani ili apate chake. Bei ya kwanza unayotajiwa si bei ya kuuzia, ni mlango wa mazungumzo.

Mgeni wa boti anapaswa pia kukumbuka kwamba meza ya sokoni si duka lenye anuani ya kudumu. Tarehe 16 Januari 2022 soko la Karume liliungua na wafanyabiashara wengi wakapoteza mali zao. Ukitegemea kumkuta muuzaji palepale baada ya miezi miwili, huenda usimkute hata kama ni mkweli. Mwandikishane jina, simu, alama za saa, bei na tarehe, na awepo shahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah imetufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi tunapouziana.

KUIKAGUA SAA

Bei haijulikani mpaka kitu kijulikane. Anzeni hapa:

1. Jina na namba. Katika saa nyingi za Seiko, nyuma huandikwa namba mbili za tarakimu nne nne: ya kwanza ni ya mashine, ya pili ni ya bodi. Ipo na namba ya mfululizo, ambayo tarakimu yake ya mwanzo huonyesha mwaka ndani ya muongo na ya pili mwezi. Kwa hiyo saa yenye mashine ya 7S26, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1990, haiwezi kuwa "ya miaka ya sabini" kama muuzaji anavyosema.

2. Uso wa saa. Saa nyingi za zamani hupakwa uso upya na mafundi. Rangi huwa kali kupita umri wa bodi, maandishi huvimba au hupinda, na alama za dakika hazikai sawa. Saa hiyo inaweza kutembea vizuri, lakini thamani yake iko chini ya ile yenye uso wake wa asili, na kupakwa upya ni aibu inayopaswa kubainishwa.

3. Mwendo wa mshale wa sekunde. Rolex Submariner, inayotengenezwa tangu 1953, ni saa ya otomatiki. Mshale wake huteleza. Ukiona Submariner inaruka sekunde moja moja kama saa ya betri, usiendelee na mazungumzo ya bei. Lakini mshale unaoteleza si uthibitisho wa uhalisi, kwani kopi nyingi nazo ni za otomatiki.

4. Namba ya Rolex. Zamani iliandikwa kwenye bodi, mahali pa kuungia mkanda, na kuiona ni lazima mkanda utolewe. Tangu miaka ya 2000 ilihamia kwenye pete ya ndani chini ya kioo. Namba isiyosomeka, iliyosuguliwa, au isiyolingana na cheti ni sababu ya kuacha.

5. Kufungua mgongo. Hakuna kipimo kinacholingana na fundi saa kuuona mtambo wa ndani: jina, kutu, maji yaliyoingia, sehemu za kuunga. Fundi awe wako, asiwe wa muuzaji. Muuzaji akikataa kabisa saa isifunguliwe, muilipie kama saa ambayo mtambo wake haujulikani, au muiache.

6. Boksi na cheti. Hivi huongeza bei ya saa ya thamani, lakini huuzwa pia vyenyewe. Visilipiwe mpaka namba zilingane.

KUPIGA HESABU YA BEI

Bei inayoandikwa kwenye tangazo ni matamanio ya muuzaji. Bei ya haki huchukuliwa kwenye saa zilizokwisha kuuzwa. Kwa saa za kawaida kama Seiko na Citizen, ulizeni kwa wauzaji watatu au wanne wasiojuana, kwa namba ileile ya nyuma. Njia moja ya kupata bei ya kweli ni kuuliza kinyume: "Ninayo saa kama hii, utaninunulia kwa shilingi ngapi?" Bei anayonunulia na bei anayouzia zitakuonyesha mipaka miwili, na thamani ya mfano iko katikati. Lakini ulizeni hivyo ikiwa kweli mnayo, au semeni wazi kuwa mnapima soko. Haijuzu kusema uongo ili kuupata ukweli.

Kwa saa za bei kubwa, soko la Mchikichini halitoshi kuwa mizani. Nyumba za mnada za Ulaya hutangaza bei zilizofikiwa. Mitandao ya kuuzia saa kama Chrono24 huonyesha bei zinazoombwa, nazo zipunguzeni. Angalieni na tarehe: bei za Rolex zilizotumika zilipanda sana hadi mwanzoni mwa 2022, kisha zikashuka. Anayekuonyesha picha ya bei ya wakati ule anakupa wakati usio wako. Na tangu Desemba 2022 kampuni ya Rolex ina mpango wa kuuza saa zake zilizotumika kupitia mawakala, zikiwa na dhamana ya miaka miwili. Bei hiyo ndani yake mna dhamana, na meza ya sokoni haina. Asiyetoa dhamana hastahiki bei ya mwenye kutoa.

Kisha toeni gharama za kuirejesha saa katika hali yake. Tupige mfano, na tarakimu hizi ni za kufundishia tu, si bei za soko. Seiko nzima, safi, yenye uso wa asili, tuchukulie inauzwa kati ya 140,000 na 160,000. Unayoonyeshwa inapoteza dakika kadhaa kwa siku na kioo kimekwaruzika. Fundi amesema usafishaji wa mashine ni 30,000 na kioo ni 10,000. Toa 40,000. Thamani ya mfano ya saa hii ni kati ya 100,000 na 120,000. Ukiambiwa 125,000 ni bei ya kupatana. Ukiambiwa 200,000, muuzaji hajafanya haramu kwa kutaja tu, lakini wewe ukikubali umeyataka mwenyewe.

WINGA, DALALI NA "CHA JUU"

Winga anayelipwa na duka, na wewe unajua hivyo, kazi yake ni halali maadamu hasemi uongo. Lakini mkikubaliana kuwa yeye ni wakili wako, umtafutie saa na utampa ujira wake, basi hana haki ya kuweka cha juu kwa siri. Punguzo lolote alilopata ni lako, kwa sababu ananunua kwa niaba yako. Wasaliane kabla ya kuondoka: unafanya kazi ya nani?

Mawili mengine yanakatazwa. La kwanza ni najash: mtu asiyekusudia kununua anapandisha bei ili mwingine aingie. Rafiki wa muuzaji anayesimama pembeni akisema "mimi nilishampa laki tatu" naye ni uongo ilhali hakutoa, ameingia humo. La pili ni kudanganya mtaji. Muuzaji akisema "nimeichukua laki mbili, nipe faida ya elfu ishirini", na biashara ikafungwa juu ya kauli hiyo, kisha ikabainika aliichukua kwa laki moja na nusu, basi ile ziada pamoja na faida yake huondolewa katika bei. Kama hataki kusema mtaji wake, anyamaze, hakuna anayemlazimisha.

ALIYETUMWA NA FAMILIA

Hapa ndipo penye uzito. Mzee amefariki na kuacha saa. Warithi wamo wakubwa na watoto wadogo. Kijana mmoja anapewa saa aivushe akaiuze, na jioni anarudi na pesa alizopewa na mtu wa kwanza aliyekutana naye.

Mafaqihi wa Kishafi‘i wamesema wakili aliyetumwa kuuza bila ya kuwekewa masharti hauzi chini ya thamani ya mfano kwa hasara isiyovumilika, na hauzi kwa mkopo. Akifanya hivyo mauzo hayasihi, na akiitoa mali mkononi huwa na dhamana. Msimamizi wa mali ya yatima naye ni hivyo hivyo, bali jambo lake ni zito zaidi, kwani Qur'ani imeonya vikali juu ya kula mali ya yatima kwa dhuluma.

Hili si la kufikirika visiwani kwetu. Familia nyingi zina jamaa Oman, na saa ni zawadi iliyozoeleka kutoka huko. Sultan Qaboos, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, alikuwa akiwazawadia watu saa, zikiwemo za Rolex, zenye nembo ya khanjari. Saa hizo leo hutafutwa na wakusanyaji, na khanjari halisi juu ya uso wa saa huifanya ithaminiwe zaidi ya saa ya namba ileile isiyo na nembo. Kwa asiyejua, ni alama tu iliyoharibu uso wa saa, na dalali anaweza kuitumia alama hiyohiyo kupunguza bei. Kwa upande wa pili, kwa kuwa nembo inaongeza thamani, wapo wanaoibandika. Kwa hiyo saa kama hiyo haiuziki mezani Mchikichini. Inapigwa picha mbele na nyuma, inafunguliwa na fundi mwaminifu, inaulizwa bei katika nyumba ya mnada au kwa wajuzi wawili wasiohusiana, ndipo warithi wanaamua. Mrithi anayetaka kubaki nayo achukue kwa thamani hiyo katika fungu lake, wengine wakiridhia, na haki ya watoto ihifadhiwe.

Na aliyepokewa bandarini kabla hajafika sokoni ana hukumu yake. Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) amekataza kuwalaki wenye bidhaa njiani kabla hawajaijua bei ya soko, na akampa mwenye mali hiari afikapo sokoni. Basi dalali aliyemlaki mgeni wa boti akamwambia "saa hizi hazina soko tena", akainunua kwa bei ya kutupa, mwenye saa anayo hiari ya kuivunja pale atakapoijua bei. Hii ni moja ya nafasi chache ambazo madhehebu yetu yanatoa hiari kwa sababu ya bei.

SAA ZA DHAHABU

Mwanamume haruhusiwi kuvaa saa ya dhahabu, awe amenunua kwa bei ya haki au la. Iliyopakwa rangi ya dhahabu, salama yake ni kuiacha. Ya chuma haina ubaya. Kwa mwanamke dhahabu ni halali.

Katika bei, saa ya dhahabu ina sakafu: uzito wa dhahabu yake. Muhuri wa 750 ni karati 18, yaani sehemu 750 katika 1,000. Sonara ataipima, lakini mashine, kioo na mkanda wa ngozi visiingie katika uzito. Na kwa kuwa wanavyuoni wengi wa zama hizi wanazihesabu fedha za noti katika hukumu ya dhahabu na fedha, saa ya dhahabu isinunuliwe kwa kulipa kidogo kidogo. Ni mkono kwa mkono, hapohapo.

UKISHANUNUA

Msomaji ajue milango aliyo nayo, na kwamba inafungwa haraka:

Hiari ya kikao. Maadamu hamjaachana, kila mmoja anaweza kurudi nyuma. Kwa hiyo msiondoke mezani kabla ya kuikagua upya.

Hiari ya sharti. Mnaweza kushurutisha siku zisizozidi tatu ili saa ipelekwe kwa fundi. Hili tunalihimiza sana. Liandikwe.

Hiari ya aibu. Ukikuta kasoro ya zamani uliyofichwa, kama uso uliopakwa upya au mashine ya kubandika, una haki ya kurudisha. Lakini hufanywa mara tu unapojua. Ukiendelea kuivaa baada ya kuijua, umeridhia. Na kauli ya "mtumba haurudishwi" haimtoi muuzaji katika dhima, kwa kauli yenye nguvu ya Mashafi‘i, kwa aibu iliyokuwemo katika bidhaa kama hii.

Aliyeuziwa feki kwa jina la halisi amefanyiwa ghushi iliyo wazi. Zaidi ya kurudisha, anaweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani (FCC) Tanzania Bara, inayoshughulikia bidhaa bandia. Ama kuuza kopi kwa kusema "hii ni kopi", bado kuna haki ya mwenye jina: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5, Kuwait 1988, liliamua kuwa jina na alama ya biashara ni haki za mali zisizojuzu kuvamiwa.

Na bei ikiwa ndogo mno, isiwe furaha. Ulizeni imetoka wapi. Mwenye dhana yenye nguvu kuwa saa imeibwa haimjuzii kuinunua, na mwenyewe akitokea na ushahidi ataichukua, nawe ubaki kumfuata aliyekuuzia.

Na mnunuzi naye ana amana. Ukimkuta muuzaji wa mitumba hajui alichonacho, madhehebu hayakulazimishi kumwambia thamani yake, lakini usimdanganye kwa kuitia saa aibu isiyokuwa nayo. Na ukimjua kuwa ni dhaifu anayelisha watoto kwa meza ile, kumwambia ukweli ni katika kumpendea nduguyo unalolipendea nafsi yako.

Tunamuomba Allah Atuwezeshe kuchuma na kutumia kwa halali.

Na Allah Anajua zaidi.